Ardhi Inayonenepa

Jamaa waliyemwita Injinia, ingawa alichosomea ni maneno matupu, alikuwa amesimama darajani maji yalipopungua, akaona kitu kilichomtoa mate. Pale mto unapopinda, upande wa ndani wa kona, mchanga ulikuwa umejilaza mpana kama uwanja wa mpira. Hauna mwenyewe. Kufikia saa nne asubuhi alikuwa ameshampata mwenyewe: yeye.

Akachonga muhuri kwa soli ya kandambili, akaandika hati, akavuka ng'ambo hadi nyumba ya matofali iliyokaa juu ya ukingo. Aliishi hapo mwalimu mstaafu, mjane.

"Shikamoo, Mwalimu. Nakuuzia ardhi ya mchangani kule. Kila mafuriko inaongezeka. Kiwanja gani kingine kinanenepa chenyewe?"

"Marahaba, mwanangu. Fedha sina, nina nyumba hii tu. Tubadilishane?"

Injinia alikohoa ili asicheke. Vyumba vitatu na bati jipya kwa mchanga wa bure! Akaomba muda wa kutafakari, akatafakari kwa urefu wa chafya moja, akagonga muhuri. Mwalimu akasaini, akaondoka na mkokoteni ambao tayari ulikuwa umepakiwa nyuma ya nyumba. Hilo Injinia hakujiuliza. Tamaa haigeuzi shingo.

Siku ya nne mvua ikaja na mto ukajaa. Injinia alikuwa barazani na chai yake, jiko la nje likasema chubwi! Likafuata banda la kuku. Akaifunga nyumba kwa kamba ya kuanikia nguo kwenye nguzo ya jirani. Mto haukujali. Akatoka na hati, akausomea kwa sauti kali, kifungu baada ya kifungu. Alipofika kwenye "milele," baraza ikaondoka na kikombe.

Maji yalipotulia alimkuta Mwalimu kule mchangani, kwenye kigoda, malori yamepanga foleni kununua mchanga.

"Mwalimu, nyumba imekwenda!"

"Ilichelewa. Kwenye kona, mwanangu, maji yanakimbia upande wa nje, yanachimba. Upande wa ndani yanachoka, yanatua mzigo. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na mmoja. Niliomba ukingo upandwe matete na kupangwa mawe, watu wa halmashauri wakaniambia niandike barua. Nikaandika kumi na saba."

"Umenitapeli! Nakwenda polisi!"

"Nenda. Wapelekee na ule muhuri."

Dereva wa lori la mbele akapiga honi.

"Kaka, unapakia au unaziba njia?"

Injinia akatazama kushoto, akatazama kulia, akaokota koleo.