Bura wa Gehandu na Pedi za Breki Zenye Adabu

Habari hizi alinipa Verediana mwenyewe, mke wa Bura, tukipeta maharage uani kwake Gehandu, mwaka ule mashine za shamba la ngano la serikali ziliponyamaza na watu wakaanza kusema "enzi zile" kwa jambo la juzi tu. Nusu aliisikia kwa mumewe, nusu kwa baba yake mdogo Margwe, na pale hao wawili walipopishana, alishika ile iliyo tamu zaidi. Nami nimeiandika kama nilivyoipokea.

Basi njooni, ninyi wa shambani na ninyi wa jikoni! Wekeni chini ungo, mnyamazisheni mbwa, mwacheni ng'ombe acheue peke yake. Vita vya wafalme vimeandikwa na wengi, lakini ni nani aliyeandika siku ile Bura wa Gehandu, tarishi wa shamba la ngano, mpasua vumbi, mpeleka barua asiyejua kuchoka, alipopanda hadi Mbulu mjini kwenda kuchagua pedi za breki za pikipiki yake?

Ikawa katika siku zile, ngano imekomaa toka miguuni pa mlima Hanang hadi mahali jicho linapochoka, Verediana akajifungua mtoto wa kwanza, msichana mwenye sauti ya tarumbeta. Nyumba ikafurahi, lakini mtoto akabaki bila jina. Kwa watu wa upande wa Verediana, mtoto wa kwanza haitwi jina mpaka bibi mzaa mama ampakate na kulitamka kwa kinywa chake. Na bibi huyo, Ludovika wa Tumati, alikuwa huko juu milimani, magoti yakimuuma, na basi la njia ile limekaa juu ya mawe likingoja matairi kama mtu anavyongoja kiyama. Jumapili padri alikuwa anakuja kubatiza. Asipokuta jina, atafunga mkoba wake, na kurudi kwake ni mpaka mavuno yaishe.

"Kamlete mama," Verediana akamwambia mumewe. "Hii 'mtoto, mtoto' nimeichoka. Jana nimeita mtoto, akaitika mbuzi."

Bura, simba wa barabara za vumbi, akatazama vidole vya miguu yake. Kwa maana kati yake na mama mkwe wake palikuwa na jambo, na jambo lenyewe lilikuwa breki.

Jueni kwamba kwa adabu ya nyumba zile, mkwe hamgusi mama mkwe wake, wala hatamki jina lake, wala hasemi naye uso kwa uso. Neno hupita kwa mtu wa tatu, hata kama wote wamesimama chini ya dari moja. Siku Bura anapombeba kwenye pikipiki, mama hukaa upande, ameshika chuma cha nyuma, na kati ya kifua chake na mgongo wa mkwe huachwa nafasi ambayo kuku angepita bila kukunja bawa.

Sasa siku ya Pasaka, wakishuka kilima cha kanisa la Tumati, watu ndio wanatoka misani, Bura alikanyaga breki zikakataa. Akakanyaga tena, zikakataa. Akakanyaga mara ya tatu, zikashika zote kwa mpigo mmoja! Ludovika akaruka toka kitini, akatua mgongoni mwa mkwe wake, kidevu shingoni, kanga yake ikamfunika Bura macho. Na hivyo, wamekumbatiana kama maharusi, wakaingia wote wawili kwenye maboga ya katekista. Kwaya ikashindwa kumaliza wimbo wa kutokea.

Ludovika alisimama, akakung'uta majani, akamgeukia shemeji yake Margwe ingawa Bura alikuwa hatua moja tu kutoka pale.

"Margwe, mwambie mkwe wangu. Chombo kisichosimama sitakikalia tena. Na chombo kinachosimama kwa kunirusha mgongoni mwa mtu, hicho ndicho kibaya zaidi. Afadhali nitembee kwa haya haya magoti."

Kwa hiyo Bura hakuhitaji breki tu. Breki zinauzwa. Alihitaji breki zenye nguvu na adabu pamoja, na alizihitaji kabla ya Jumapili.

Ijumaa alfajiri akaondoka. Milima akaipanda akiwa amekaa, na miteremko yote akaishuka kwa miguu, akiishikilia pikipiki kama ndama mkaidi, kwa kuwa pedi zake zilikuwa zimebaki nyembamba kama ganda la kitunguu. Tumati akampitia Margwe, maana hapakuwa na mtu wa kuchagua kitu kumshinda. Margwe, mjua mafahali, msoma kwato, ambaye wazazi wa mabinti walimwita atazame hata ng'ombe wa mahari ya watu wengine.

"Shikamoo, baba. Nina vita."

"Marahaba. Na nani?"

"Na breki."

Margwe akachukua fimbo yake na koti. "Breki sizijui," akasema, "lakini kitu chochote kinachokokota au kusimamisha ni cha ukoo wa ng'ombe. Twende."

Huko Mbulu mjini, pembeni ya soko, lilisimama duka la Sebastiani, ngome ya minyororo na spoki, ambapo hewa yenyewe ilinukia grisi. Sebastiani akamwamkia mzee, akasikiliza shida, akatandika gunia juu ya meza, na juu yake akapanga majeshi matatu, kila jeshi pedi mbili zilizopinda kama mwezi mwandamo, za kukaa tumboni mwa gurudumu na kulibana toka ndani.

"Hizi," akasema, "ni za ng'ambo, mpya, hazijaona vumbi. Hizi ni chuma cha zamani nimezivika ngozi ya breki ya lori, nikazipiga ribiti mwenyewe. Na hizi nimezitoa kwenye pikipiki iliyokufa. Hizo nimeziweka kujaza meza tu."

Margwe akaziinua moja moja. Akazinusa, akazigonga kwa ukucha, akaweka sikioni.

"Hizi mpya, zimezaliwa wapi?"

"Japani, mzee."

"Huko Japani kuna mama wakwe?"

Sebastiani akajikuna. "Nadhani wapo."

"Unadhani! Na hizi za lori, zimezoea kubeba nini?"

"Mbolea. Magunia."

"Na hizi za marehemu?"

"Za muuguzi mmoja wa zahanati, kahamishwa. Injini ilimfia, breki hazikumfia. Alikuwa akipita vijijini kubeba wajawazito kuwapeleka hospitali."

Margwe akamtazama Bura kwa jicho la kusema jambo, lakini macho ya Bura yalikuwa yameshazama kwenye zile za ng'ambo zilizong'aa.

"Baba," Bura akanena kwa sauti ya kusikiwa sokoni, "mimi nimpandishe mama mkwe juu ya mabaki ya marehemu? Mtoto wangu apewe jina kwa pedi za kuokota? La! Nipeni zilizo mpya!"

"Zijaribiwe," Margwe akasema, "zote. Hata fahali hununui mpaka umemtembeza."

Wakatwaa gunia la pumba za ngano, wakalikalisha upande nyuma ya pikipiki. Margwe akalifunga kanga ya kuazima kiunoni, akalivika kitambaa kichwani, akaliachia ile nafasi ya kuku kupita. Halafu akarudi nyuma akatazama kazi yake.

"Mwamkie."

"Baba, hilo ni gunia."

"Ukilidharau gunia, na mwenyewe utamdharau. Mwamkie, usimtazame usoni."

Bura akavua kofia, akageuza uso. "Shikamoo, mama." Na watu wa soko la Mbulu, waliokuwa wakija mmoja mmoja, sasa wakaja kwa makundi.

Zikaingia kwanza zile za lori. Bura akateremka mteremko wa nyuma ya soko, upepo ukiimba, akakanyaga. Gunia halikutikisika. Lakini pikipiki nayo haikuona sababu ya kusimama. Ikapita alama ya kusimamia aliyoichora Margwe kwa fimbo, ikapita choo cha soko, ikapita mbuzi aliyekuwa na shughuli zake, ikaenda kupumzika ndani ya kabichi za Efrazia, muuza mboga.

"We tarishi!" Efrazia akasimama, mikono kiunoni. "Kabichi zangu umeziletea barua gani?"

Zikaingia zile za ng'ambo, nazo ziling'aa hata zilipokuwa zinafungwa. Bura akateremka kama mwewe, akakanyaga, na lo! Pikipiki ikasimama pale pale kama nyumbu aliyeona nyoka. Gunia halikusimama. Gunia likapanda mgongoni mwa Bura, likapanda kichwani mwa Bura, likavuka, likapasuka mbele yake, na tarishi wa shamba la ngano akabaki mweupe toka nywele hadi viatu, kanga ya mkwewe ikining'inia sikioni.

Soko likapasuka pia. "Mkwe kakukumbatia!" wakapiga kelele. "Na jina la mtoto liwe Pumba!"

Bura akakaa chini mavumbini. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama upande wa kwao. Akamwona Verediana na kile kitoto kisichoitwa, akamwona padri akifunga mkoba wake, akamwona Ludovika akishuka mlima kwa magoti kwa sababu yake. Akapangusa pumba machoni. Ndipo, asiangalie tena kinachong'aa, akasema kwa sauti ndogo:

"Sebastiani. Yule muuguzi. Kuna hata mama mmoja aliyewahi kudondoka?"

"Mmoja alijifungulia njiani," Sebastiani akasema. "Kudondoka, hapana."

"Lete zile."

Wakashona gunia, wakalivika upya. Bura akaliamkia, na safari hii hakuna aliyecheka. Akateremka. Akakanyaga polepole, kama mtu anayebisha hodi mahali penye mgonjwa, na pedi zile kuukuu, zilizobeba vilio na matumbo ya watu, zikalishika gurudumu kwa upole, zikalibembeleza, zikalituliza. Pikipiki ikasimama juu ya alama. Gunia likainama kidogo mbele, kama mtu anayesikiliza Injili, likarudi likakaa.

Kisha Efrazia, mwenye kabichi zilizopondeka, akapiga kigelegele.

"Hizo," Margwe akasema, "zimelelewa."

Usiku ule Bura akalala kwa Margwe, na Jumamosi asubuhi akasimama langoni pa Ludovika na pikipiki iliyooshwa. Mama akatoka na fimbo, kibuyu na kifurushi cha nguo za mtoto. Akaizunguka pikipiki kama jemadari anayekagua askari. Margwe akasimama katikati, yeye ndiye daraja.

"Margwe, mwulize huyo. Itasimama?"

"Baba, mwambie mama itasimama."

"Mwulize tena. Ikisimama, na mimi nitakuwa wapi?"

"Mwambie mama atakuwa pale pale alipokaa."

"Mwambie nikimgusa mgongo hata kwa kitambaa, nashuka, na mtoto wake ataitwa na padri."

"Mwambie mama nimesikia."

"Amesikia, shemeji," Margwe akasema, "na mimi nimechoka. Pandeni."

Wakaondoka. Wakauacha ubaridi wa Mbulu, wakaanza kushuka kuelekea nchi ya ngano, kona baada ya kona, na katika kona mbaya kuliko zote, adui akatokea: mbuzi, kundi zima, wamekaa katikati ya barabara kama kamati. Bura akavuta pumzi. Akabisha hodi kwa mguu. Pedi zikaitika. Pikipiki ikasimama ndevu za beberu zikiwa zinagusa taa, na mgongoni mwa Bura haukufika hata upepo.

Nyuma yake akasikia, si kwake, bali kwa mbuzi: "Hee. Imesimama."

Maneno mawili! Toka Pasaka hakuwa amepewa hata moja. Bura akaendesha akiwa amevimba kama mkate.

Uwanda ukafunguka. Ngano huku, ngano kule, mashine kubwa za kuvuna zikinguruma mbali kama mvua isiyofika, na jua la mchana likawamwagikia toka juu. Ndipo Bura akahisi kitu mgongoni. Kwanza kitambaa. Kisha paji la uso. Kisha kichwa chote cha Ludovika wa Tumati, kizito kama debe lililojaa, kikatua katikati ya mabega yake, na mkoromo mwembamba ukaanza.

Shujaa akakauka. Mgongo ule alioupigania mbele ya soko zima! Amwamshe? Kwa kumwita? Jina lake hatamki. Kwa kumgusa? Hamgusi. Kwa kufunga breki? Pedi zile hazikuwahi kumwamsha mtu. Dereva mmoja wa mashine ya kuvuna akawaona toka juu ya kiti chake, akafungua mdomo arushe utani, akautazama tena ule usingizi wa mama, akafunga mdomo na kuvua kofia. Siku ya Pasaka aliapa kwa magoti yake, Bura akawaza, leo ananilalia. Akapunguza mwendo, wakaenda kama maandamano ya sakramenti.

Wakafika Gehandu. Akazima injini mbali, akaiacha pikipiki iingie uani yenyewe, akakanyaga. Nanyi mlioketi hapa mshuhudie, kwa maana hapa ndipo historia ilipotimia: pikipiki ilisimama kwa adabu kubwa hivi kwamba kuku aliyejilaza mavumbini hakuinua kichwa, na Ludovika wa Tumati hakujua kwamba amefika.

Kupitia mlango ulioachwa wazi Bura akamwona Verediana kitandani, amelala fofofo, na mtoto kifuani pake amelala pia, mdomo wazi, hana jina bado na hana haraka nalo. Hakuna wa kumwita. Hakuna mtu wa tatu. Bura akabaki juu ya pikipiki, wima, mshindi asiyeweza kushuka, ushindi wake ukimkoromea mgongoni. Jua likasogea kidogo. Nzi akaja, akaondoka. Kope za tarishi zikawa nzito, kidevu kikashuka kifuani, na mguu wake ukiwa bado umekanyaga breki, naye akalala.