Rangi Yangu na Taa za Breki za Gari la Baba

Bellwick, Ohio
Juni 27

Kwa Bi Lorene Stuckey,
Mwenyekiti, Chama cha Magari ya Kale, Bellwick

Bi Mwenyekiti,

YAH: KUZUIWA KWA GARI LETU KATIKA MAANDAMANO YA SIKU YA UHURU, JULAI 4

Nakuandikia kwa heshima yote unayostahili, na kwa ile kidogo iliyobaki kwa ajili ya mkaguzi wako, Bwana Darrell Krebs. Jumamosi, mbele ya watu, alilikataa gari langu la mwaka 1949 kwa sababu taa za breki haziwaki. Gari hilo limeongoza maandamano yetu tangu baba alipolinunua. Mwaka huu dada yangu Maxine ametimiza miaka tisini, na amesema hii ndiyo mara yake ya mwisho kupanda. Akikosa sasa amekosa kabisa, na mimi sitaweza kumtazama usoni. Kwa hiyo naomba malalamiko yangu yasikilizwe kwa utaratibu.

1. Mkaguzi mwenyewe anaendesha pikapu ambayo kuku wangu wasingekubali kulala ndani yake. Milango imeoza. Ina rangi tatu, na mojawapo ni kutu. Lakini taa zake za breki zinawaka, basi imepita. Naomba kuuliza: chama hiki kinatunza magari au kinatunza taa?

2. Nimefuata maagizo yake kama mtoto wa shule. Alisema balbu, nikabadilisha balbu. Alisema fyuzi, nikabadilisha fyuzi. Alisema swichi ya breki, nikaingia chini ya gari na umri wangu huu, nikaibadilisha, kisha nikashindwa kutoka mpaka Maxine alipokuja kunivuta miguu. Sasa nikikanyaga breki, taa ndogo za mbele ndizo zinazowaka, tena kwa unyonge. Bwana Krebs anaiita hitilafu. Mimi naiita maendeleo, maana yule anayetembea mbele yangu na bendera ndiye mwenye haki ya kwanza kujua kama nitasimama.

3. Hapa ndipo alipovuka mpaka. Alipiga magoti nyuma ya gari, akagusa kitako cha taa kwa kidole chenye grisi, akasema, "Mzee Wendell, umepaka rangi mpaka chini ya taa. Umeme ukishaingia hauna pa kurudia. Kwangua kidogo tu, chuma kiguse chuma." Kwangua! Bi Mwenyekiti, rangi hiyo niliipaka kwa mikono yangu majira yote ya baridi, tabaka juu ya tabaka, nikisugua mpaka nikayaona meno yangu ya bandia ndani yake. Mwezi Mei wewe mwenyewe ulinikabidhi kikombe cha ushindi kwa ajili yake. Majaji wako walilala chali na tochi wakitafuta mahali nilipopasahau, hawakupaona. Leo chama hichohicho kinataka nilitie gari kovu ambalo mwezi Mei kingenikata alama kwa kuwa nalo. Nimeumia, na sioni aibu kusema hivyo.

4. Nyuma yangu hupita bendi ya shule, kwa miguu. Sijapata kusikia mpiga tarumbeta aliyeligonga gari. Kama hofu ni hiyo, bendi ifundishwe kutazama mbele, jambo ambalo hata wazazi wao wangelishukuru.

5. Naomba basi taa za breki zifutwe katika kanuni zetu, kwa kuwa zinawazoesha watu kutotumia akili. Bwana Krebs avuliwe ukaguzi, apewe kazi ya kugeuza soseji motoni siku ya sherehe. Na iandikwe kwamba gari linalong'aa kuliko mengine yote haliwezi kuwa na hitilafu. Likionekana kuwa nayo, basi mkaguzi ndiye mbovu.

Nisalimie mumeo, mweka hazina, kina mama wanaotuokea pai za sherehe, na bendi nzima pamoja na matarumbeta yao.

Mwanachama wako, kwa sasa,
Wendell Overholt

N.B. Tafadhali anza kusoma hapa. Nilipokuwa natafuta bahasha, Maxine alitoka nje na kisu cha kumenyea viazi. Nilimkuta nyuma ya gari, amekalia kiti cha jikoni, taa imefunguliwa mapajani mwake, anakwangua. Nilimpigia kelele, hakuinua hata kichwa. Akasema, "Wendell, baba alilinunua tupande. Mimi sina muda wa kulitazama."

Nikachukua kisu, nikakwangua upande wa pili mwenyewe. Zinawaka zote mbili, nyekundu kabisa. Mwambie Bwana Krebs aje akague tena, na aje upesi, maana Maxine ameshakaa kiti cha nyuma na kofia yake ya maandamano, na anakataa kushuka.