Matembezi ya Mchangani, Kapolowe

Jumatatu, 9 Juni 2025

Josée amesema anahamia Kolwezi kwa binti yetu, Princesse. Si kutembea. Kuhamia! Neno la mwisho atalitoa Jumapili. Nimemuuliza kosa langu. Amesema karibu miaka arobaini anaishi na mipango yangu, na amechoka. Ametaja kuku wa mayai, shule ya kupiga taipu, na pombe ya nanasi iliyopasuka sebuleni. Nimemkumbusha kwamba chupa mbili hazikupasuka.

Dawa nimeipata. Nimemwambia kwamba Jumapili hiyo nitampeleka ziwani Kapolowe, tutembee ufuoni mpaka kwenye vilima vya mchanga, kama mwaka 1985 tulipokuwa wachumba. Nilikuwa karani wa stoo kiwandani, suruali imepigwa pasi. Yeye alivua viatu akavibeba kichwani. Mchanga mweupe, upepo, ndege wa maji. Sijafurahi vile tena.

Jumanne, 10 Juni

Bertin, jirani, amesikia. Ukuta wetu ni mwembamba. Amejitolea kutuongoza kwa ramani ya simu yake, maana huwapeleka wanakwaya wake kule kila kiangazi. Josée amesema Papa Bertin ni mtu wa adabu. Adabu! Mtu anayevaa kofia ya jua ndani ya nyumba! Nimemjibu kwamba njia ile iko kichwani mwangu.

Alhamisi, 12 Juni

Taksi-basi mpaka Kapolowe, peke yangu, kwa siri. Njia haiko kichwani mwangu. Maji yamerudi nyuma na matete yamekula ufuo wa zamani. Nimezunguka kwa saa nne. Hatimaye, vilima! Vilevile! Nimesimama pale nikalia kidogo. Hakuna aliyeona ila mbuzi.

Wakati wa kurudi nimefunga vitambaa vyekundu kwenye matete, thelathini na viwili, vinionyeshe njia Jumapili. Nilikata kitenge kilichokuwa chini kabisa kabatini. Hakivaliwi.

Jumapili, 15 Juni

Tumetoka mapema, Bertin bado amelala. Ufuoni, kitambaa cha kwanza. Nikatangulia, mikono mgongoni, kama mwenye ziwa. Cha pili, cha tatu, halafu kichanja cha kukaushia samaki. Nikasema hiyo ndiyo mandhari. Cha nne, kichanja kingine. Baada ya saa mbili tulikuwa tumefika kwenye kichanja cha kwanza mara ya tatu.

Mama mmoja muuza samaki akatusalimu tena, sasa kwa huruma. Akamweleza Josée kwamba Ijumaa wanawake wa pale walikuta vitambaa vizuri kwenye matete, wakavifungua, wakavifunga kwenye vichanja kufukuza ndege. Josée akashika kimoja, akakigeuzageuza. Kilikuwa kitenge cha marehemu mama yake.

Nikaanza kutembea, popote. Akanifuata. Tulikwenda muda mrefu bila neno, na hapo, bila kuvitafuta, vilima vya mchanga. Josée akavua viatu. Tukakaa. Nikangoja hukumu.

Akasema, "Baba Princesse, ile mwaka 85 pia ulipoteaka njia. Weye ulisahau, miye hapana. Ulinyamaza, tukatembea tu. Ndiyo ile siku nilikupenda."

Kisha akasema, "Nitabakia. Lakini kila dimanche, siku kama ya leo, tutembee vile. Hapana programme. Unasikia?"

Nimesikia. Nimeapa. Tumerudi tumeshikana mikono, mbele za watu, na sikuona haya hata kidogo.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri, moyo mweupe. Nimeandika ukurasa mmoja tu: Kanuni za Matembezi Bila Mpango. Saa mbili na robo, kuanza kutojua tunakoenda. Saa tatu kamili, kupotea, upande wa kushoto. Saa tatu na nusu mpaka saa nne, kimya, mwenyekiti mimi. Nimepiga mistari kwa rula. Nakala moja nimempelekea Bertin, aone kazi ya mtu aliyekaa ofisini. Nyingine nimeibandika kwenye mlango wa jikoni.

Josée ameisoma mara mbili. Sasa yuko uani, anampigia simu Princesse, anamuuliza basi la Kolwezi linaondoka saa ngapi. Bila shaka anataka mtoto aje tutembee naye. Nimeongeza safu ya mtu wa tatu.