Skima ya Lita Elfu Moja na Mia Tano

Jumatatu, 4 Machi

Nimeachiwa nyumba. Mke wangu ameondoka asubuhi kumpeleka mama yake hospitali ya macho. Mama mkwe anatolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili, moja baada ya jingine. Watarudi Ijumaa ya wiki ijayo. Naandika haya kwa utulivu, kama mtu aliyekabidhiwa jambo zito.

Jambo lenyewe ni tangi la sebuleni. Lita mia mbili za maji ya chumvi, samaki wawili wa rangi ya machungwa, na tumbawe moja la zambarau. Marehemu baba mkwe alilianza miaka kumi na nne iliyopita, likiwa na ukubwa wa kucha. Sasa limeshinda kichwa cha mtu mzima. Yeye alifariki mwaka jana, tumbawe bado linakua. Mama mkwe huketi mbele yake kila asubuhi na kulisalimia, ingawa kwa miaka mitatu ameona ukungu wa zambarau tu. Amesema akirudi, kitu cha kwanza anachotaka kukiona sawasawa ndani ya nyumba hii ni hicho.

Na skima ilikufa jana! Kwa kumbukumbu: skima ni mashine ya kabatini chini ya tangi. Hupiga maji yakatoa povu, povu likabeba uchafu hadi kwenye kikombe cha juu, mtu akamwaga. Bila skima maji huoza polepole, na tumbawe likaoza nayo.

Mke ameniagiza kwa maneno machache. Nichague skima nyingine, ya tangi la lita mia mbili, na nisibuni chochote. Shemeji, kaka yake, fundi wa friji, alikuwa mlangoni na sanduku la mama begani. Akasema anayo ndogo ya zamani, ataileta. Akaongeza kwamba tangi lingekuwa salama zaidi nyumbani kwake. Wimbo huo anauimba tangu siku ya msiba. Nikajikaza kisabuni, nikamfungulia geti.

Jumanne, 5 Machi

Duka la samaki. Mama mwenye duka ana miwani iliyofungwa kamba shingoni na hana haraka na mtu. Akapanga skima tatu juu ya kaunta. Ndogo, hadi lita mia mbili na hamsini. Ya kati, hadi mia nne. Na ya tatu! Ndefu, nyeupe, pampu mbili. Ubavuni imeandikwa lita elfu moja na mia tano. Moyo ukaruka.

Mimi ni mkaguzi wa lifti. Miaka kumi na tisa kazini. Mizigo naijua. Lifti ya watu kumi na wanne ikipandisha watu watatu haichoki, haikwami, hailalamiki. Lifti ya watu watatu ikipandisha wanne, mimi ndiye ninayepigiwa simu. Nikamfafanulia mama mwenye duka kanuni hii. Akanisikiliza hadi mwisho. Akasema skima si lifti. Ikiwa kubwa mno kwa tangi, uchafu hautoshi kulipandisha povu hadi juu. Akasogeza ile ndogo mbele yangu. Nikamuuliza, kwa heshima zote, amewahi kukagua lifti ngapi. Akasema sikio la kufa halisikii dawa, akaenda kutafuta boksi la ile kubwa.

Jumatano, 6 Machi

Skima sentimita sabini na moja. Kabati sentimita hamsini na tano. Ningeweza kupima kabla, lakini yaliyopita si ndwele.

Nimeng'oa mlango wa kabati. Sanduku la maji la humo kabatini, ambamo skima husimama, nimelivuta nje, mabomba nimeyarefusha. Sasa skima imesimama katikati ya sebule kama mgeni aliyekataa kiti. Inanguruma. Lazima nipaze sauti nikizungumza na simu. Ni ngurumo ya mashine yenye nguvu, na nimeipenda.

Ijumaa, 8 Machi

Povu limefika robo ya njia na kukaa hapo. Siku mbili nzima! Kikombe kikavu, kinang'aa kama siku kilipotoka dukani. Nikampigia mama mwenye duka. Akasema skima mpya huhitaji siku chache kuzoea maji, lakini yangu hata ikizoea atashangaa. Akarudia yaleyale: uchafu hautoshi. Nikamshukuru kwa ukavu.

Jioni shemeji akaja na skima yake ndani ya mfuko wa plastiki. Kitu cha aibu. Mikwaruzo kila mahali, kikombe kimefungwa kwa mpira wa kufungia noti. Akaizunguka yangu mara mbili, mikono nyuma. Akauliza inaishia ghorofa ya ngapi. Akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. Kisha akasema, bila kucheka, niweke ile yake leo hii, nisingoje. Alipoondoka nikaisukuma nyuma ya mlango. Bora nife kuliko mama mkwe afungue macho yake mapya akutane na mpira wa noti.

Jumamosi, 9 Machi

Nimelitafakari suala hili kikaguzi. Mashine ni nzima. Umeme upo. Kinachopungua ni uchafu. Basi uongezwe!

Samaki hulishwa mara moja kwa siku, chembe mbili tatu. Leo nimewalisha mara sita. Kijiko kizima kila mara, kamba wadogo wa kugandishwa. Wale wawili walikula mpaka wakaanza kunikwepa. Kilichobaki kikazama katikati ya mawe, nami nikatazama kwa kuridhika.

Povu likashuka. Likafa kabisa! Nikampigia tena mama mwenye duka. Akasema mafuta ya chakula huua povu kwa saa kadhaa, kisha akauliza kwani nimewalisha kitu gani. Nikasema simsikii vizuri, mtandao unakatika.

Jumatatu, 11 Machi

USHINDI!

Jana milo minane. Leo nimeamka na povu limepanda hadi juu, zito, la kahawia. Kikombe kimejaa maji meusi yenye harufu ya soko la samaki lililofungwa wiki nzima. Sijawahi kuona kitu cha kupendeza namna hii. Nimekipiga picha pande tatu nikamtumia shemeji. Kazini nimeshinda nikipiga mluzi ndani ya lifti za watu.

Jibu la shemeji lilikuja saa saba. Aliuliza tu, tumbawe je? Wivu una macho lakini hauoni. Niliporudi nikaenda kulitazama. Limefunga. Vile vidole vyake vidogo, mamia, vyote vimeingia ndani, na maji yana utusitusi. Limechoka na kelele, linapumzika. Kesho litaamka.

Jumanne, 12 Machi

Halikuamka. Upande wa kushoto, sehemu pana kama kiganja changu, umekuwa mweupe. Si weupe wa maua. Ni weupe wa mfupa.

Mchana mke akatuma ujumbe. Bandeji ya mwisho imetolewa. Mama anasoma mabango ya barabarani kwa sauti, moja baada ya jingine, na kila mtu anageuka. Hawezi kungoja Ijumaa. Anaomba picha ya tumbawe, sasa hivi.

Nikatembea toka sebuleni hadi jikoni mara kumi na moja. Ndipo nikakumbuka! Kwenye simu yangu ipo picha aliyonitumia baba mkwe mwenyewe mwaka juzi. Tumbawe limechanua lote, halina doa. Nikaituma. Chini yake nikaandika kuwa nimeipiga asubuhi ya leo. Mke akajibu kwa mioyo mitatu. Nikala chakula cha mchana kwa amani. Siku mbili zilizobaki zinatosha kurekebisha kila kitu.

Jumatano, 13 Machi

Mke amepiga saa mbili asubuhi.

Amesema mama ameitazama picha ile jioni nzima. Aliikuza, akaipitia kipande kwa kipande, kwa kuwa sasa anaweza. Kwenye kona ya chini, kioo cha tangi kimeakisi mkono ulioshika simu. Kidole cha shahada kimekatika kwenye kiungo cha kwanza. Baba mkwe alikipoteza ujanani kwenye mlango wa gari. Mimi vidole vyangu vimetimia vyote kumi.

Mama mkwe hakukasirika. Amefurahi. Amewaonyesha manesi wote mkono wa mumewe. Mke ndiye hakufurahi. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. Aliniuliza swali moja, tumbawe la baba liko hai? Nikafungua kinywa nimwambie liko hai. Nikageuka nikaliona. Nikasema sijui. Akasema niliombwa kuchagua mashine moja tu. Akakata simu.

Nimeona haya. Hii ni shajara yangu, naandika wazi. Nimeona haya mpaka masikio yakawaka. Nikaketi kwenye stuli ya mama mkwe na nikamwomba radhi mtu ambaye hayupo.

Baada ya nusu saa shemeji akabisha hodi na mapipa mawili ya maji ya chumvi. Akanusa tangi, akafumba macho. Hakucheka hata kidogo. Tulitoa nusu ya maji kwa ndoo, tukanyonya kamba waliooza kwenye mawe kwa mpira mrefu. Nilinyonya mimi. Nilimeza kidogo, na sikulalamika. Akazima skima yangu. Akaichukua yake nyuma ya mlango bila kuuliza ilifikaje huko. Ilipofika saa kumi povu jembamba lilikuwa limeanza kupanda, bila kelele. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kisha akasema shida ni kwamba safari hii guu lililovunjika si langu. Akaondoka na kurudi jioni na mapipa mengine.

Ijumaa, 15 Machi

Wamerudi. Mama mkwe ameingia peke yake, hakuna aliyemshika mkono. Akasimama, akanitazama juu hadi chini, akasema kumbe nimenenepa hivi. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye tangi, akavuta stuli.

Upande wa kulia ulikuwa umefunguka. Zambarau tupu, vidole vyote nje, vinacheza. Kushoto mweupe. Mama mkwe akakaa. Mke wangu hakunitazama. Shemeji alitazama viatu vyake.

Mama akauliza ule weupe ni nini. Nilikuwa nimeandaa maelezo, sentensi nne, ziko kwenye karatasi mfukoni. Zinataja joto la maji na umri. Niliingiza mkono mfukoni, nikaiacha karatasi humohumo. Nikasema ni mimi, mama. Nilichafua maji ili mashine yangu ionekane inafanya kazi.

Akasogeza uso karibu na kioo. Halafu akasema marehemu naye aliliua nusu. Mara mbili! Mara zote alimwambia mkewe ni umri tu, naye mama akamwitikia, na usiku mumewe alipolala mama akamsikia akiomba msamaha ndotoni. Mke na shemeji wakageuka pamoja. Hawakuwa na habari. Mama akasema katika miaka kumi na nne hajawahi kumsikia mwanamume akisema ni mimi mbele ya kioo hiki. Akatoa kitambaa, akajifuta macho mapya, akakemewa na mke wangu kwamba daktari amekataza kuyagusa.

Shemeji akaeleza kwamba upande ulio hai unaweza kutambaa juu ya ule uliokufa na kuufunika tena. Mwaka mmoja, au zaidi kidogo. Alisisitiza: likiachwa. Mama akasema basi ataona.

Jumapili, 17 Machi

Mke amenisemesha leo. Aliniomba nimpitishie chumvi. Nimefarijika sana.

Kikao cha familia kimekwisha. Tangi linabaki hapa, kwa sababu mama anabaki hapa. Shemeji atakuja kila Jumamosi kulihudumia. Mimi nisiguse kitu chochote chenye waya. Nimekubali mbele ya wote, na kwa dhati. Mpanda ngazi hushuka. Nimeshuka, na nimejifunza jambo kubwa, nalo ni kusikiliza.

Na kwa kuwa nimesikiliza, nimegundua kitu. Mama mwenye duka alisema nini? Kwamba skima ni kubwa kwa tangi. Shemeji alisema nini? Hayohayo. Hakuna hata mmoja, tangu mwanzo hadi mwisho, aliyesema skima ni mbovu. Skima ni nzima! Iko stoo imefunikwa shuka, haina kosa lolote duniani. Tulikuwa tukiilaumu mashine bure. Mwenye upungufu ni tangi.

Mchana mama alipojilaza na mke alipokwenda saluni, nilipima ukuta wa sebule. Makochi mawili yakitoka, tangi la lita elfu moja na mia tano linaingia na sentimita mbili zinabaki. Sakafu nimeikagua kitaalamu, kwa kuruka mara tatu. Imara. Kesho nitampigia mama mwenye duka, kwa sauti nyingine.

Ahadi naiheshimu. Tangi halina waya.