Malalamiko Kuhusu Kiti Changu Kilichoko Jukwaani

Zuidhof, Michigan

Ndugu Mkurugenzi, Bi. Corinne Tibbets,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni Orrin Vandermolen, mwenye ile nyumba yenye kinu cha upepo uani, ambayo mji mzima sasa unaijua kwa ndani kuliko ninavyoijua mimi. Nakuandikia kuhusu mchezo alioutunga binti yangu Marlys, unaoonyeshwa ukumbini kwako kila Ijumaa na Jumamosi. Naomba usimamishwe. Sababu zangu ni hizi.

Kwanza, kiti. Watu wako walipopita nyumba hadi nyumba kuazima vitu vya jukwaani, kama mnavyofanya kila msimu, niliwapa kiti changu cha kuegemea, kile chenye mpini wa kunyanyulia miguu. Nilikipakia garini kwa mikono yangu, nikidhani ni kwa ajili ya vichekesho vya Krismasi. Pazia lilipofunguka nikakiona kiti changu, na ndani yake mzee aliyevaa sweta ya vifungo kama yangu, akingoja simu isiyolia. Mke wangu Geneva akanipa peremende. Kwetu, peremende ndiyo pole. Tangu siku hiyo nakalia kiti cha plastiki cha uani, na mgongo wangu unalalamika kuliko mimi.

Pili, kelele. Baba wa jukwaani anakunywa wiski na kupiga meza mpaka bata mzinga anaruka kwenye sahani. Mimi nakunywa maziwa. Sisi akina Vandermolen hatugombani, tunanuna. Tumewahi kununiana kuanzia Sikukuu ya Shukrani ya Novemba hadi Pasaka, na kilichovunja ukimya ni mtu kuomba chumvi. Hiyo ni kazi inayotaka nidhamu, na inaniuma kuona imefutwa yote ili watazamaji wapate cha kusikiliza. Sasa majirani, wasiposikia kelele kwetu, wanatutazama kama watu waliopunjwa. Juzi Geneva alijaribu kunifokea, tusije tukaonekana tunamwangusha binti yetu. Alifoka jina langu mara moja, akaishiwa, akaniuliza kama nataka supu. Nilitaka.

Tatu, kinu, ambacho nacho kimo mchezoni. Ni kweli nilikusudia kujenga uwanja wa gofu ndogo nyuma ya nyumba, ile ya kupitisha mpira kwenye vikwazo kama hicho kinu, mashimo kumi na manane, watu waje na watoto wao kutoka kaunti zote za jirani. Ni kweli pia kwamba yaliyokamilika ni manne, na la nne limejaa maji. Lakini katika yale mazungumzo mnayofanya na watazamaji baada ya mchezo, mwalimu mmoja mstaafu alisema kinu kisichozunguka ni ndoto ya Marekani iliyokufa. Nilisimama nikamweleza kwa adabu kwamba ni mota. Imeungua, na nimeshaagiza nyingine. Watu wakainuka kunipigia makofi, na nyuma yangu nikamsikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Huyu mzee ndiye anayeigiza kuwashinda wote." Mota yenyewe, Bi. Mkurugenzi, niliiagiza Marlys akiwa shule ya msingi. Hilo sikuona haja ya kuliongeza.

Nne, mwanangu Royce. Ana miaka arobaini na moja na anakaa chumba cha chini ya nyumba, ambako anaandaa mpango wa biashara. Mchezoni hayumo kabisa. Nafasi yake amepewa mbwa, na mbwa anashangiliwa. Royce alipanda ngazi kuja kunishtaki mimi, kana kwamba mimi ndiye mtunzi.

"Mimi ndiye niliyeharibika zaidi humu ndani, baba," alisema. "Marlys si alikimbilia Chicago? Mimi nimebaki hapa naharibika kila siku, halafu hata jina langu halitajwi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akidai haki yake kwa bidii, na kama mzazi niliona fahari kidogo.

Tano, na hili ndilo hasa lililonishikisha kalamu. Mwishoni mzee anafia kitini mwangu. Binti anaingia na sanduku lake, amechelewa, anapiga magoti, anamwambia, "Nilikuwa nakuja, baba. Kila mwaka nafungasha, halafu nakumbuka hukusema nije." Anaendelea hivyo kwa muda mrefu, na ukumbi mzima unalia. Marlys wangu hajaingia nyumbani kwetu tangu harusi ya binamu yake. Siku ya kwanza ya mchezo alikaa nyuma kabisa, akaondoka kabla taa hazijawashwa. Naomba nieleweshwe: kwa nini maneno hayo anaambiwa marehemu, tena marehemu wa kuazima, wakati mwenyewe niko hai, safu ya nne, peremende mdomoni? Nimeudhika sana. Nimeumia pia.

Kwa hiyo naomba mchezo usimamishwe na kiti changu kirudishwe kabla ya Jumamosi. Mkishindwa yote mawili, basi angalau mzee asife. Afumbue macho aseme, "Nilidhani unajua." Ni maneno mawili tu, hayatawachelewesha. Niko tayari kuja kumfundisha mwigizaji namna ya kuyatamka, ingawa mwenyewe bado nayafanyia mazoezi.

Nisalimie waigizaji wote, fundi wa taa, mama anayeuza kahawa mlangoni, na mbwa, ambaye sina ugomvi naye.

Wako mwenye kinyongo lakini kwa heshima,

Orrin Vandermolen

Tanbihi: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga simu ilipolia. Geneva aliongea, mimi nikasimama karibu nikisikiliza, maana hivyo ndivyo tunavyopokea simu za Marlys. Anakuja kwenye onyesho la mwisho, Jumamosi. Anasema ataazima gari la rafiki yake lenye nafasi nyuma, ili mchezo ukiisha akirudishe kiti nyumbani yeye mwenyewe. Kwa hiyo puuza yote niliyoandika hapo juu. Mchezo uendelee, na mzee afe kama kawaida yake. Tuwekee viti vinne pamoja, kimoja cha Royce. Ila nakusihi, kile kiti cha jukwaani asikihamishe mtu yeyote wa ukumbi, hata kwa nia njema. Marlys akikuta kimesharudishwa hatakuwa na sababu ya kuingia ndani, na sisi watu wa nyumba hii hatujazoea kuingia bila sababu.