Njia ya Mkato Iliyopita Kwenye Mihogo ya Watu

Leo nimejiaibisha mbele ya shule nzima. Bado siamini.

Mnajua nilichaguliwa kwenda Kasulu kwenye mashindano ya hisabati. Tuko watatu tu kutoka shuleni kwetu hapa Kibondo. (Mimi, ambaye hata kuitika jina darasani naona haya!) Gari lilikuwa liondoke saa moja na nusu asubuhi, na mwalimu alishasema atakayechelewa anaachwa, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Sasa akili zangu. Jana nikachora pembetatu mraba kwenye daftari. Nyumbani hadi njia panda, kilomita tatu. Unakunja kulia, kilomita nne hadi shuleni. Jumla saba. Lakini nikikata moja kwa moja, upande mrefu ni kilomita tano! Mwendo wangu kilomita tano kwa saa. Saa moja tu, nimefika. Nikajiongezea usingizi.

Saa kumi na mbili asubuhi nikaanza kukata mashamba. Migomba, napita katikati. Maharage, naruka. Mbele kulikuwa na nyasi zimetandazwa chini, nikakanyaga.

Chubwi!

Jamani! Shimo la kulowekea mihogo! Na ilishaiva kwa kuoza. Nimezama hadi kiunoni, mama mwenye mihogo akatokea na jembe.

"Yewe mwana! Kumbe ni wewe unayeniibia!"

"Shikamoo mama," nikasema. (Ningesema nini?)

Akainua jembe. Nikatoka mbio. Naye mbio! Yule mama hachoki. Tukaingia shuleni tukifuatana, wenzangu wote wako mstarini.

"Mwalimu, mwizi wa mihogo huyu!"

Kisha harufu ikawafikia. Walio mbele wakarudi nyuma bila kuamriwa.

"Nani kakutuma upite kwenye mihogo ya watu?" mwalimu wa hisabati akaniuliza.

Sauti ikanitoka kama ya kifaranga. "Paithagorasi."

Mama akadakia, "Anakaa kijiji gani huyo? Naye aletwe hapa!"

Shule nzima hoi. Mkuu wa shule aligeukia ukuta, akajifanya anakohoa. Ikabidi nichore pembetatu yangu mchangani kwa kijiti. Mama akaitazama, akamgeukia mwalimu.

"Ndiyo mnawafundisha hivi? Kupita juu ya chakula cha watu?"

"Tutamrekebisha, mama," mwalimu akasema, macho chini.

Mama akaniachia, ila Jumamosi nakwenda kwake kumenya mihogo mingine. Nikajiosha bombani mara tatu. Harufu palepale! Tumekwenda hadi Kasulu madirisha wazi, na baridi yote ile.

Kwenye mtihani wakaniketisha katikati ya watoto wa ile shule inayoshinda kila mara. Mmoja alifanya maswali mawili, akaomba kutoka. Mwenzake aliandika kwa mkono mmoja, wa pili umebana pua.

Tumekuwa wa kwanza. Mwalimu kasema tusimwambie mtu tulivyoshinda, kwa hiyo chekeni kimyakimya.