Mlima Ulioongezwa Nikiwa Uzazini

Kwa Mzee Bayingana,
Mkuu wa Mudugudu wetu,
Gikondo, Kigali.

Mzee wangu, amahoro na heshima kwanza, ugomvi unafuata.

YAH: KUONGEZWA KWA MLIMA BILA KUNISHIRIKISHA

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu wewe na mimi tumekulia Bujumbura, na pia kwa sababu Kinyarwanda changu nikikasirika hukatika njiani. Na nimekasirika, Mzee. Tangu Jumatatu najaribu kutokasirika, imeshindikana.

Unajua mimi ni mtu wa baiskeli. Kabla ya kumzaa Ngabo nilikuwa naupanda ule mlima wa kutoka hapa kwetu kwenda Kimihurura bila kushuka, huku naimba nyimbo za kwaya, tena sauti ya kwanza. Katika kundi letu la akina mama wa baiskeli nilikuwa natangulia mimi, wengine wanafuata mgongo wangu. Sasa mtoto amekua, daktari ameniruhusu, nimerudi barabarani, na nimekuta mambo ambayo siwezi kuyanyamazia.

1. Mlima umeongezwa. Sisemi unaonekana mrefu, nasema umeongezwa. Zamani ulikuwa unaanza, unapanda kidogo, unaisha. Sasa hauishi. Nikifika kwa yule mama anayeuza chapati, mahali ambapo zamani nilikuwa hata sijaanza kuhema, nalazimika kushuka. Ameshanizoea. Akiniona natokeza kwenye kona ananitolea kigoda, na huruma yake hiyo inaniudhi kuliko mlima wenyewe.

2. Aliyeuongeza namjua. Ni nyinyi, kwenye umuganda. Kumbuka nilipokuwa na mimba kubwa ulikuja mwenyewe nyumbani ukasema nisitoke kwenda kwenye kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nibaki nipumzike. Nilikusifu mtaa mzima. Kumbe ulikuwa unaniondoa njiani. Nimekaa dirishani miezi yote hiyo nikiwaona majirani wakipita na majembe, mabeleshi na matoroli. Mlisema mnachimba mitaro. Sawa. Udongo wa mtaro unakwenda wapi? Matoroli yalipanda yamejaa, yakashuka matupu. Mimi nimesoma, Mzee.

3. Hewa ya kule juu imepungua. Zamani ilitutosha wote na nyingine ikabaki. Siku hizi nikifika nakuta imeshatumika. Namshuku Annick, ambaye sasa ndiye anayetangulia kundi, kwamba anaivuta kupita kiasi akijua mimi nakuja nyuma.

4. Kiti cha baiskeli yangu kimepunguzwa. Hili si la mudugudu, nalitaja tu ili uone mpango wenyewe ulivyo mpana.

Mume wangu Clovis alithubutu kusema mezani kwamba huenda mlima uko vilevile, ila ni ule uji. Desturi yetu unaijua: mwanamke akizaa wageni wanakuja kumpongeza, kila mgeni na uji wake, na uji wa mgeni haukataliwi. Niliunywa wote, kwa ajili ya maziwa ya mtoto. Lakini uji ni maji, na udongo ni udongo. Clovis analala sebuleni mpaka aione tofauti.

Sasa nikuambie linaloniuma kweli. Jumapili hii barabara zinafungwa magari yasipite, na kundi letu litapanda mlima huo. Atakayefika juu wa kwanza ndiye atakayetuongoza mwaka mzima. Juzi Annick alinipita nikiwa naisukuma baiskeli kwa mkono, akanitia moyo kwa upole, komera, Mama Ngabo. Kwa upole, Mzee. Angenitukana ningelala usingizi. Nililia pale pale kando ya mtaro wenu. Mwanangu nampenda kupita kiasi, lakini kabla yake mimi nilikuwa Joselyne, na huyo namtaka arudi.

Kwa hiyo naomba uitishe umuganda wa dharura Ijumaa, kila mwananchi achukue udongo aliopeleka na kuurudisha ulikotoka. Mimi sidai mlima uondolewe. Nadai ule wa zamani. Kama matoroli hayatatosha, basi kila mwanamke wa kundi apande akiwa amefungiwa tumboni gunia la viazi, ili haki iwepo. Na kama hilo nalo ni gumu, Annick ashike mimba, ingawa nakubali jambo hilo halimo katika madaraka ya mudugudu.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, watoto, na wazee wote wa usalama wa usiku. Clovis anakusalimu kutoka sebuleni. Mama mkwe wangu, Illuminée, aliyekuja kutoka Bujumbura kutusaidia kulea, naye anakusalimu sana.

Ni mimi mwananchi wako mtiifu, mwenye miguu inayouma,

Joselyne, Mama Ngabo.

Nyongeza: Barua hii ilishafika kwako huko juu ikarudi. Mama mkwe alijitolea kuileta, nami nikadhani atatembea. Akakaza kitenge, akachukua baiskeli yangu, akaupanda mlima mpaka mlangoni kwako, akakuta uko mkutanoni, akarudi kabla mtoto hajashiba. Ana wajukuu kumi na mmoja. Hakuwa hata anahema. Anasema ni kilima kizuri, ila kifupi. Tatizo ni kwamba Annick alimwona, amemwandikisha kwenye kundi papo hapo, na Jumapili mama mkwe anapanda nasi. Kwa heshima zote naomba ufute kila nilichoandika hapo juu kuhusu kurudisha udongo. Umuganda wa Ijumaa uwepo, lakini mlima uongezwe, tena mara mbili, mpaka mama mkwe naye akalie kile kigoda cha mama wa chapati. Mimi nitakuja mwenyewe na toroli, mtoto nitambeba mgongoni.